Jina Langu Lasingiziwa Homa

Mfungo Mosi 2, mwaka wa 1375

Binti yangu Umulkheir ameniambia hivi leo, kabla ya kupanda punda kurudi kwao: "Mama, nakuomba. Yanayokukaa rohoni yaandike, usiyaseme. Ukiyasema nitaachwa." Haya, naandika. Shule sikuuona hata mlango wake, lakini mama yangu alinifunza herufi kwa juzuu, kwa hivyo kalamu hainishindi. Karatasi ni za kufungia sukari. Zikinuka karafuu nisamehewe.

Mkwe wangu Mahmud, karani wa ofisi ya serikali mjini Amu, alikuja jana na mkewe na mtoto kula idi kwangu hapa Kipungani. Akala pilau, akala mkate wa sinia, akanawa, akafuta ndevu, kisha akasema, "Mama, tumeona mtoto tumbadilishe jina."

Mtoto ana miaka miwili. Jina lake Hindu, na hilo ni jina langu mimi. Alipozaliwa, Mahmud huyu huyu ndiye aliyenipakatisha akaniambia, "Mchukue, ni somo yako." Mtu aliyepewa jina lako ndiye somo yako. Wewe ndiwe wa kumvisha nguo ya kwanza na kumtia wanja, na akikosa kwao akapigwa hukimbilia kwako, na hakuna wa kumfuata.

Nikamwuliza, "Jina limekosa nini?"

"Limemlemea, mama. Tangu kaskazi iishe hapiti mwezi hajashikwa na homa. Mwalimu Yunusi amefungua kitabu, amehesabu. Jina na nyota yake havipatani."

Jambo hilo silo geni kwangu. Mtoto akiwa wa kuugua ugua, watu husema jina ni zito kwake, akavuliwa akapewa jingine. Nimekwenda kwa wenzangu siku za namna hiyo nikala halua yao nikarudi zangu. Lakini nilimwona Mahmud hamalizi maneno, nikamwambia, "Lete na lililobaki."

Akatazama mkeka. "Na ofisini pia. Wenzangu waliotoka Mombasa na bara wananicheka. Wanasema, Mahmud, mtoto wako Mhindi? Umemwokota dukani?"

Kumbe! Homa ni kanzu tu, mwili wenyewe ni cheko la makarani! Nikasema niliyoyasema. Sitayaandika, maana Umulkheir aliyasikia na inatosha. La mwisho nalirudia kwa sababu nalipenda: "Mwambie anayekucheka aje Kipungani nimwoneshe Hindu mwenyewe, nimwoneshe na mwiko."

Na najua kwa nini amekuja kuniambia. Si adabu. Ni kwa kuwa kwetu jina haliwezi kuvuliwa mpaka mwenye nalo alitwae kwa ulimi wake, aseme nimelitwaa langu. Nisiposema, halitoki. Basi sisemi.

Mfungo Mosi 3

Mvua. Miyaa yangu ya kushonea mikeka haikauki. Sina la kusema na mtu.

Mfungo Mosi 6

Mvua tena. Miyaa niliyoitia rangi imeota kuvu, nimeitupa nusu. Mwanamkisi, jirani yangu, shoga yangu tangu hatujaota meno, alikuja tushone mkeka pamoja. Ameshapata habari; hapa ukipiga chafya ng'ambo ya pili wanakurehemu.

"Hindu we, mpe mtu jina lake alikate alipake," akasema. "Mtoto si wako."

"Jina ni langu."

"Jina gani hilo la kupigania? Mimi naitwa Mwanamkisi, hata anilipe sultani hakuna anayelitaka. Sijakonda."

Nikamwuliza kama anajua jina langu maana yake nini. Akasema mahindi. Nikamvuta ukili mkononi nusura niukate. Lakini alipoondoka nikakaa nikafikiri: mimi mwenyewe je, najua? Nimeitikia jina hili maisha yangu yote na sijawahi kumwuliza mtu limetoka wapi. Na sasa linashtakiwa, na mimi wakili wake sijui kwao.

Mfungo Mosi 9

Nimekwenda Amu. Nilijisingizia rangi ya miyaa.

Kwanza nikaingia kwa Velji, Mhindi wa duka la nguo na rangi, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nikamwambia, "Velji, wewe dini yako Hindu, mimi jina langu Hindu. Nani kamwibia mwenzake?"

Akacheka mpaka akavua miwani. "Bi Hindu, Mwislamu anaitwa Hindu, na mimi Hindu naitwa Velji. Hapo biashara imeharibika." Kisha akanipa kiti, akanieleza vizuri, na mimi namshukuru. Kwao, katika lugha yao ya zamani sana, kuna neno Sindhu, maana yake mto, mto mkubwa wa kaskazini ya nti yao ya India. Waajemi walikuwa jirani, na kila penye S kwa Wahindi wao hutia H. Basi mto ukawa Hindu, na watu wa ng'ambo ya mto wakawa Wahindu. Waarabu wakalipokea kwa Waajemi wakasema Hind.

"Kwa hivyo si jina la dini?" nikamwuliza.

"Dini imekuja kupanda baadaye. Sisi wenyewe tulipewa na majirani. Mtu hajiiti wa ng'ambo ya mto, Bi Hindu. Huitwa na aliye ng'ambo hii."

Maneno hayo nimeyachukua mpaka nje. Mto! Na Waajemi hao hao, anasema, katika mashairi yao wakitaja hindu huwa wanasema cheusi: nywele za mwanamke, au chunjua la shavuni. Nikamwambia hilo amenipa bure, mimi nywele zangu zimeshakuwa nyeupe.

Kutoka hapo nikamwendea Barka, Mshihiri muuza halua. Ujanani alikuwa mtumishi wa askari wa Kituruki huko Yemeni. Yeye naye kacheka. Leo ilikuwa siku ya watu kunicheka. Amesema kwa Waarabu Hind ni jina la wanawake wa watu wakubwa tangu zamani, kabla ya Uislamu. Na wazee wao hutumia neno hilo kwa kundi la ngamia mia. Na upanga mzuri wa chuma cha India, nao huitwa kwa jina hilo.

"Basi mimi ni ngamia mia wenye upanga," nikamwambia.

"Ngoja, Bi. Kwa Waturuki je, wajua? Hindi ni yule kuku mkubwa mwenye shingo nyekundu."

"Bata mzinga?"

"Huyo huyo. Wanasema ametoka India. Na Wamisri wanamwita jogoo wa Rumi, wanasema ametoka kwa Waturuki!"

Nikaona ajabu hii: ndege mmoja, kila mtu anamsukumia jirani, hakuna anayekubali kuwa ni wa kwake. Na mahindi nayo ndivyo. Yamekuja kwa bahari, hatukujua kwao, tukayaita ya India yakawa mahindi. Neno hili kila nti limepewa kazi: mto, mwanamke, upanga, nafaka, kuku. Na kwa Mahmud karani limekuwa aibu na homa. Katika kazi zote, hiyo ndiyo mbaya kupita zote, na aliyeitoa ni mwanangu wa ndoa.

Sikupita kwao. Nilitaka kumwona mtoto nikashindwa, maana mdomo wangu naujua.

Mfungo Mosi 10

Nilimweleza Mwanamkisi habari ya bata mzinga. Nilikosa akili. Tangu asubuhi akipita dirishani anaita, "Gulugulugulu!"

Mfungo Mosi 14

Mvua imeingia ndani kupitia kona ya kaskazini, makuti yamechoka. Gharib, kijana anayepeleka samaki Amu kwa punda, ameniletea maneno ya Mahmud: "Mwambie mama kwamba Hindu binti Utba ndiye aliyelitafuna ini la Hamza, ami yake Mtume, vitani Uhud. Jina la namna hiyo mtoto wa nini?"

Nikamrudisha Gharib papo hapo, na samaki wake wakanuka kidogo, anisamehe. "Mwambie kwamba huyo huyo alisilimu, na Mtume akampokea. Aliyempokea Mtume, karani atamkataa?"

Gharib akasema, "Bi Hindu, mimi nilitumwa kuuza samaki, changu na tasi."

Mfungo Mosi 15

Mtoto ana homa tena, ndivyo asemavyo Gharib. Si kubwa.

Nimeomba kila sala. Nikimaliza kuomba namkumbuka Mahmud na mkate wangu wa sinia, naanza upya kukasirika, na sijui kama dua inapanda ikiwa na moshi namna hii.

Mfungo Mosi 19

Nimemwendea Mwalimu Yunusi mwenyewe. Anakaa karibu na makaburi, mzee mkimya, ana kikohozi. Sikukaa. Nilisimama mlangoni nikasema yangu yote, naye akaninyamazia kama anavyoninyamazia punda wa Gharib. Nilipomaliza akasema, "Bi Hindu, ingia, wanyeshewa."

Nikaingia.

Akasema, "Jina lako halina kosa. Ummu Salama, mama wa waumini, mkewe Mtume, jina lake hasa ni Hindu. Nani atalitia ila? Mimi nilipewa jina la mtoto na la mama yake, nikahesabu. Hesabu ikasema ni zito kwa huyu mtoto. Kwako si zito, umelibeba mpaka umeota mvi nalo. Kanzu ya mtu mzima haina ubaya, ila ukimvika mtoto ataikanyaga."

"Hesabu yako au cheko la ofisini?"

Hapo alinitazama. "Cheko gani?"

Nikamweleza. Mwalimu akatikisa kichwa. "Mahmud hakuniambia habari ya cheko. Mahmud alikaa hapo ulipokaa akalia mpaka nikafunga mlango watu wasimwone. Kwani hujui? Mke wake wa kwanza alimzalia watoto wawili, wa kike wote. Mmoja alikuwa na jina la mama yake Mahmud, mwingine la shangazi yake. Wote walikwenda na homa kabla ya kuacha ziwa. Akaniambia, Mwalimu, kila jina la mzee wetu nimpalo mtoto, namzika nalo."

Nilijua alikuwa na mke akamwacha. Habari ya watoto sikupata kuambiwa. Alipoposa hakusema, na sisi hatukuuliza. Mwanamume huulizwa kazi yake na sala yake.

Nimerudi na mvua, na hasira yangu badala ya kupoa imepata ndia nyingine. Mbona hakuniambia? Kwa mwalimu anapeleka machozi, kwangu analeta makarani! Ameona bora nimdharau kuliko nimwone anaogopa. Mjinga. Mjinga mkubwa. Angelia mbele yangu idi ile ningempikia tena.

Mfungo Mosi 20

Lakini jina sitoi. Kumhurumia ni kitu kingine.

Mfungo Mosi 24

Mvua. Mwanamkisi ameniletea uji wa mtama, hakugulugulu. Nadhani namtia hofu.

Mfungo Mosi 28

Naandika haya nikiwa Amu, nyumbani kwa Umulkheir.

Jana asubuhi Gharib alinijia, samaki hajawauza, punda matope mpaka tumboni. "Bi Hindu, panda. Umulkheir asema ndoo, uje sasa hivi." Sikuuliza. Nilijitupia buibui nikapanda. Ndia yote maji. Mahali pengine punda alisimama akakataa, nikashuka nikamvuta. Nikamtukana punda, nikaitukana mvua, kisha nikaomba toba maana mvua ni rehema.

Nimefika watu wanakwenda adhuhuri. Mtoto yuko kitandani, degedege limemshika. Mato yamepinduka, mboni hazionekani, meupe. Umulkheir amemshika miguu, hata salamu yangu hakuiitika. Dresa wa hospitali alikuwa anafunga mkoba wake. Akaniambia kwa upole, "Bibi, sindano nimepiga. Dawa inataka muda kufanya kazi. Mkandeni na kitambaa cha maji, msimfunike, nitarudi alasiri." Akatoka na mvua yake.

Mahmud alikuwa sakafuni kando ya kitanda, suruali ya ofisini imelowa, kiatu kimoja mguuni, kimoja sijui wapi. Akanitazama. "Mama," akasema. Basi.

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, nimeyapika tangu idi, mengine nimeyaandika humu. Yote yalinitoka. Yalibaki mawazo mawili tu, na nayaandika kama yalivyonijia.

La kwanza: nikilishika jina langu mtoto akafa, watasema Hindu amemuua Hindu. Na Mahmud atazika wa tatu.

La pili: nikilitwaa akapona, watasema mwaona? Lilikuwa ni jina. Wala hakuna atakayeitaja sindano ya dresa. Kila upande, jina langu lina hatia. Wamelipanga hivyo. Hata nikishinda nimeshindwa.

Nilisimama pale nikakasirika kama sijapata kukasirika. Nilimkasirikia Yunusi na kitabu chake, na mbu, na mvua iliyowazaa, na mimi mwenyewe kwa kusimama nahesabu watu watasema nini, na huku mtoto anakauka.

Nikanawa mikono. Nikainama kwenye sikio lake la kulia, pale pale lilipotiwa jina, nikasema kwa sauti, nyumba yote isikie: "Somo yangu, mimi Hindu binti Khatib niliyekupa jina, nimelitwaa langu. Limerudi kwangu. Nenda mwepesi."

Midomo yangu iligusa sikio lake. Lilikuwa moto kama kigae.

Kisha nikamgeukia Mahmud nikamwambia, "Na wewe! Ungeniambia habari ya wale watoto!" Nikampiga kofi la bega, la nguvu, Umulkheir akaruka. Na mkono wangu ukabaki pale pale begani, ukakataa kuondoka. Akaegemeza kichwa chake kwenye buibui langu lililolowa akalia kwa sauti. Nikamwacha alie. Huku mkono mwingine unakamua kitambaa.

Kabla ya alasiri jasho lilimtoka mtoto. Mato yakarudi. Akasema, "Mai." Umulkheir ndipo alipoanza kulia, na mimi nikamtukana, maana kikombe kilikuwa mkononi mwake na alikuwa anakimwaga.

Dresa aliporudi akamshika shingo akasema, "Dawa imefanya kazi." Nikamwambia alirudie neno hilo, kwa sauti. Akalirudia. Hakuna aliyemsikiliza ila mimi.

Mfungo Pili 1

Mtoto anakula. Wamemwita Swafiya. Waliniomba nichague mimi, nikasema mama yake achague, ndiye aliyemzaa. Halua ya Barka ikapikwa, watu wakaja. Kila anayeingia ananishika mkono: "Ahsante, Bi Hindu. Umemwokoa." Nilitaka kumtemea mate kila mmoja, na kila mmoja nilimwambia alhamdulillahi.

Mfungo Pili 5

Nimerudi Kipungani. Mwanamkisi alinipokea ndiani, akanikumbatia, kisha akasema, "Si nilikwambia? Lilikuwa zito."

"Ni sindano."

"Haya, sindano," akasema, kama unavyomwitikia mtu mwenye homa.

Binti yake Hadia ana mimba kubwa. Mwezi wa Shaabani alinishika kanga akaniambia akizaa wa kike atampa jina langu. Leo alikuwa anachambua mchele, nikakaa karibu yake. Hakulitaja. Nami sikulitaja. Alisogeza ungo kidogo tu, nadhani hata hakujua anafanya hivyo.

Basi ndiyo hivyo. Jina likishavuliwa mtoto aliyeugua, nani atalichukua? Ummu Salama alilibeba, na mama wa mama yangu alilibeba, likafika kwangu. Hapa kwetu mimi ndiye wa mwisho. Nimeliandika ili nilione. Na tena naandika: mtoto akiletwa kesho na mato meupe, nitalitwaa tena. Lakini wasiniambie nifurahi.

Mfungo Pili 9

Jua leo. Nimeanika miyaa yote.

Mfungo Pili 13

Mahmud amemleta mtoto na mama yake, wamekuja kukaa kwangu. Mahmud alinibusu mkono, kisha akakaa jikoni, si ukumbini. Akasema bila kuzungukazunguka, na hilo nimelipenda: "Mama, naogopa. Ukimwita Swafiya hageuki. Anatazama mlangoni kumtazama huyo Swafiya anayeingia. Ukimwita lile la kwanza anakuja mbio. Mwalimu asema maadamu analiitikia, halijatoka lote."

"Wataka nini?"

"Wewe ndiwe uliyemfunza kuliitikia. Hakuna mwingine atakayemfunza kuliacha."

Nilimtazama mtu huyu. Makarani wote wa Amu wangekuwa pale wakamcheka asingewasikia. Nikamwambia, "Inuka unipishe, nina kazi."

Mfungo Pili 20

Kazi yenyewe ni hii. Namweka mtoto mbele yangu, tunatenga miyaa, myembamba huku, minene huku. Nasema Swafiya, nampa uzi mwekundu. Nasema Swafiya, nampa kaimati. Akija bila kuitwa nasema Swafiya umekuja! Akiniita mimi kwa jina letu, kama alivyozoea kufanya mzaha, nageuza uso. Mara ya kwanza alidhani ni mchezo. Mara ya pili alinishika mashavu kwa mikono miwili anigeuze, na mimi nikakaza shingo. Hilo likikumbukwa siku ya hesabu na liwekwe kwenye mizani ya kulia, maana sijawahi kufanya jambo gumu hivyo.

Na Mwanamkisi naye! Kila asubuhi anasimama uani anaita "Hindu!" na mtoto anadakia, "Abee!" Nikamtuma Umulkheir amkataze. Kisha nikamwambia amwache aite. Akiita, mimi naitika kwanza, kwa sauti ya kumpita mtoto, "Abee! Ni mimi!" Jirani wanadhani nimeanza kuwa kiziwi.

Mfungo Pili 26

Mvua imekwisha. Mtoto ana shavu sasa, hakuugua tena. Mahmud amekuja kuwachukua, kesho wanaondoka.

Leo asubuhi tulikuwa ukumbini sote. Mtoto yuko sakafuni, anapanga miyaa yake, myembamba huku, minene huku. Mwanamkisi akasimama uani akaita kwa sauti yake ile ya kuamsha maiti, "Hindu! We Hindu!"

Mahmud akaacha kutafuna. Umulkheir akanitazama.

Mtoto hakuinua kichwa. Aliweka mwembamba mmoja juu ya mwenzake, akausawazisha kwa kidole, akachukua mwingine.

Mwanamkisi akaita tena. Nikaitika mimi, peke yangu.